Kabla hujalaumu mswaki, angalia tembe unayomeza

Angalia vizuri mtaani kwenu. Kuna yule msee wa base anayecheka akiwa ameziba mdomo na mkono. Kuna yule dada wa ploti ya pili ambaye kwa kila selfi midomo imefungwa, hata siku yake ya kuzaliwa. Ukiuliza utaambiwa ni meno. Wengi wana sababu ambazo tunazijua: meno ya kahawia kutokana na maji yenye floraidi nyingi, stori ambayo watu waliolelewa upande wa Nakuru wanaielewa bila kuelezwa, ama meno yaliyopandana tangu utotoni na nyumbani hakukuwa na doh ya kuyanyoosha. Lakini kuna wachache ambao shida yao ni tofauti. Fizi zao zimefura, zimefunika jino hadi nusu, na meno ya mbele yameanza kuachana ama kugeuka upande. Hao ndio huambiwa, tena mbele ya watu, kwamba hawapigi mswaki.

Wengine wao wanapiga mswaki kukushinda wewe. Kilichofurisha fizi zao ni dawa, na hiyo dawa wanaimeza kwa sababu bila hiyo wanaanguka.

Dawa yenyewe inaitwa fenitoini. Kama kwenu kuna mtu mwenye kifafa, huenda umeiona juu ya friji ama kwenye droo ya kabati, kando ya kadi ya kliniki iliyochakaa. Si dawa mbaya. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), bei yake si ya kutisha, na imewasimamisha watu wengi ambao wangekuwa wanaanguka jikoni, barabarani na kazini. Lakini karibu nusu ya wanaoitumia kwa muda mrefu hupata fizi zinazokua kupita kiasi. Nusu! Na hili halikugunduliwa jana. Limejulikana kwa zaidi ya miaka 80, na bado unaweza kupewa pakiti dirishani, ukaandikiwa "1 mara 2" juu ya bahasha, na hakuna mtu anatamka neno "fizi".

Wacha nikupe historia kidogo, kwa sababu inashangaza. Mwanakemia Mjerumani, Heinrich Biltz, aliitengeneza fenitoini mwaka wa 1908. Haikuonekana kuwa na kazi kubwa, ikakaa tu. Wakati huo dawa za kifafa zilikuwa zile za kulaza mtu. Unazuia mishtuko, sawa, lakini mgonjwa anashinda akisinzia kama mlinzi wa usiku saa tisa mchana. Watu waliamini dawa ya kifafa lazima ilete usingizi, kwa hivyo ile isiyoleta usingizi hakuna aliyeitarajia kufaa. Kule Boston, Marekani, madaktari wawili, Tracy Putnam na Houston Merritt, wakaamua kujaribu dawa moja baada ya nyingine kwa paka waliokuwa wakipigwa shoti ndogo za umeme ili wapate mshtuko. Ndiyo, paka. Fenitoini ikawa inazuia mshtuko bila kumlaza paka. Mwaka wa 1938 wakatangaza kwamba inafanya kazi kwa binadamu pia.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1939, daktari mwingine kwa jina Kimball akaandika kuhusu kitu alichokiona midomoni mwa wagonjwa. Kati ya watu 119 waliokuwa wakitumia hii dawa, asilimia 57 walikuwa na fizi zilizofura kwa kiwango fulani. Yaani dawa haikuwa imemaliza hata miaka miwili hospitalini, na tayari madaktari walikuwa wanajua inachofanya kwa fizi. Kimball mwenyewe alidhani huenda ni upungufu wa vitamini C. Alikosea kwa hilo, lakini macho yake hayakukosea.

Sasa, fizi zinafuraje kwa sababu ya tembe ya ubongo? Nitajaribu kueleza vile nilivyoelewa mimi baada ya kusoma, na ujue mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo hii ni lugha ya mtaa, si ya ukumbi wa mihadhara. Ndani ya fizi kuna seli ambazo kazi yake ni kujenga ile nyama ngumu inayoshika jino. Mwili hujenga na kubomoa kwa wakati mmoja: fundi mmoja anaweka matofali mapya, mwingine anatoa ya zamani. Fenitoini inavuruga huo mpango. Ubomoaji unapungua, seli zinakosa kuchukua kiasi cha kutosha cha foliki, ile vitamini ambayo akina mama waja wazito hupewa, na ujenzi unaendelea. Mwisho wake nyama inarundikana. Kama umewahi kukaa Pipeline, unajua. Ploti inaongezwa ghorofa juu ya ghorofa, inasogea hadi dirisha lako linaangalia ukuta wa jirani. Fizi nazo zinafanya hivyo, na jirani anayesukumwa ni jino.

Kwa kawaida inaanza kwa kile kipande kidogo cha nyama kati ya jino na jino, hasa mbele, upande wa midomo. Miezi mitatu hivi baada ya kuanza dawa unaweza kuona vipande hivyo vimekuwa vinene, kama punje. Haviumi. Hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu mtaani kisichouma hakipelekwi hospitali. Vinaendelea kukua, vinaungana, vinapanda juu ya jino. Vijana na watoto ndio hupata shida hii zaidi kuliko watu wazima. Kwa mtoto ambaye meno ya ukubwani yanatoka, fizi nene inaweza kuchelewesha jino kutoka ama kulifanya litokee kando. Kwa kijana ambaye meno yameshatoka yote, nyama inajisukuma katikati na meno yanaachana, yanazunguka, mdomo unakataa kufunga vizuri. Mtu aliyekuwa na meno yamenyooka akiwa kidato cha kwanza anamaliza kidato cha nne akiwa na meno mengine kabisa.

Uchafu nao una sehemu yake, nisikudanganye. Ule utando laini unaokaa kwenye jino usipopigwa mswaki unawasha fizi, na fizi iliyowashwa huku kuna fenitoini ndani ya damu inakua kwa kasi zaidi. Kisha fizi ikikua inatengeneza mifuko ambayo mswaki haufiki, utando unaongezeka, fizi inazidi. Ni mzunguko. Kwa hivyo yule anayemwambia mgonjwa "piga mswaki" hajakosea kabisa. Kosa lake ni kuacha nusu ya stori, na kuisema kama tusi.

Na hapa Eastlands hiyo nusu nyingine ina uzito. Kuna watu bado wanaamini kifafa kinaambukizwa kwa mate. Haki, mwaka huu bado. Mtu akianguka kwenye steji ya Donholm na povu likitoka, utaona watu wakirudi nyuma kama wameona nyoka. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kula sahani moja. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Sasa chukua hiyo hofu ya mate, ongeza fizi zilizofura, ongeza harufu ya mdomo ambayo huja fizi zikishika uchafu, halafu uwe na miaka 19 na unatafuta mtu wa kukupenda. Unaelewa kwa nini mtu anaweza kuamua dawa iende.

Nina jamaa mmoja wa Kayole, jina lake linabaki kwangu, ambaye aliamua hivyo. Alianza fenitoini akiwa darasa la saba. Kufikia miaka 18 alikuwa na jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Kliniki aliyokuwa akienda, kila mwezi ni mstari, kadi, dirisha, pakiti, kwaheri. Miaka yote hiyo hakuna mtu alimwambia afungue mdomo. Akasoma mahali kwenye simu kwamba ni dawa inafanya hivyo, akaacha. Hakuambia mama. Alikuwa na hesabu yake: wiki mbili bila dawa, fizi zishuke, apige picha ya kitambulisho akiwa mtu kama watu wengine.

Hesabu haikuwa upande wake. Fizi huchukua miezi kupungua hata baada ya dawa kubadilishwa. Ubongo hausubiri miezi. Siku ya nne alishikwa asubuhi, akashikwa tena kabla hajarudi vizuri, na ya tatu ikafuata. Hiyo ndiyo hali ambayo madaktari huogopa zaidi, mishtuko isiyokatika, na inaweza kumuua mtu ama kumwachia ubongo ulioumia. Kuacha dawa ya kifafa ghafla ni mojawapo ya njia za haraka zaidi za kufika hapo. Majirani walifika kabla ya gari. Mmoja akaja na kijiko.

Lazima nisimame kwa hiki kijiko, kwa sababu ukiongea juu ya kifafa na meno huku kwetu bila kukitaja unaruka jambo lenyewe. Tumefundishwa, sijui na nani, kwamba mtu akishikwa atameza ulimi, kwa hivyo umwekee kitu mdomoni. Kijiko, ufunguo, kipande cha mti, kidole. Hakuna mtu humeza ulimi wake. Kinachotokea ni kwamba taya zinauma kwa nguvu zote na kijiko cha chuma kinavunja meno, ama kinapasua fizi, ama kipande cha jino kinaingia kwa pumzi. Ukiweka kidole utakipoteza wewe. Yule jamaa wa Kayole alipoteza jino moja la mbele asubuhi hiyo, na halikung'olewa na kifafa wala na fenitoini. Liling'olewa na jirani aliyekuwa na roho safi.

Ukiona mtu ameshikwa: toa vitu vikali karibu naye, mwekee kitu laini chini ya kichwa, hata koti ama begi. Legeza kola. Usimshikilie kwa nguvu, usimpe maji, usimnusishe kiatu. Akipunguza kutikisika mgeuze alale upande ili mate yatoke. Angalia saa. Ikipita dakika 5, ama akishikwa tena kabla hajaamka, hapo tafuta gari ya hospitali. Kaa naye hadi ajue yuko wapi. Hakuna kijiko popote kwenye hiyo orodha.

Jamaa alipona. Hospitali aliyopelekwa ilimpatia daktari aliyemuuliza kwa nini aliacha dawa, na akamsikiliza hadi mwisho. Akamhamisha polepole, wiki baada ya wiki, akipunguza hii huku akiongeza ile, hadi akawa kwa kabamazepini. Miezi kadhaa baadaye fizi zilikuwa zimeshuka, si zote, lakini ungeona meno. Yale yaliyoachana hayakurudi yenyewe.

Swali ambalo linakujia hapo ni hili: kama kuna dawa zingine, kwa nini asipewe hizo tangu mwanzo? Hapa lazima tuwe wakweli kuhusu Kenya. Mwaka wa 1991 kulichapishwa utafiti uliofanyiwa Nakuru, wagonjwa 302, ulioonyesha kwamba kifafa kinaweza kutibiwa vizuri kwenye vituo vya kawaida vya afya kwa dawa mbili, fenobabitoni na kabamazepini. Hakuna mashine kubwa, hakuna daktari bingwa kila kona. Ilikuwa habari njema sana. Lakini utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka wa 2012 ulikuta kwamba zaidi ya watu 6 kati ya kila 10 wenye kifafa kinachoendelea hawakuwa wanapata matibabu yanayofaa. Damu ilipimwa, dawa haikuwemo. Wengine hawakuwahi kwenda hospitali, wengine nauli, wengine mganga kwanza, wengine dawa iliisha kwenye zahanati. Katika hali kama hiyo mhudumu anakupa iliyopo. Ikiwa iliyopo ni fenitoini na inazuia usianguke, atakupa fenitoini, na mimi siwezi kumlaumu. WHO inasema karibu asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangepimwa na kutibiwa vizuri. Tembe moja inayofura fizi ni bora kuliko hakuna tembe. Ninachodai mimi ni maneno. Kumwambia mtu "angalia fizi zako" hakuhitaji bajeti ya kaunti.

Na usifikiri dawa nyingine hazina bili yake. Fenobabitoni inaweza kukusinzisha. Kabamazepini inaweza kuleta upele mbaya wa ngozi kwa wengine, na ukiuona unarudi hospitali siku hiyo hiyo. Valproeti haina shida kubwa ya fizi, lakini kwa dada anayeweza kupata mimba ina hatari kubwa kwa mtoto tumboni, kwa hivyo madaktari huiepuka kwake ikiwezekana. Levetirasetamu na lamotrijini hazijulikani kwa kufurisha fizi, ila mfuko wako utaulizwa. Hata fenitoini yenyewe ina jambo lingine ambalo halisemwi dirishani: inapunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi na ile ya kuwekwa mkononi chini ya ngozi. Kama unatumia zote mbili, uliza leo.

Nikiwa bado kwa hili la maneno, si watu wa kifafa pekee. Dawa za presha za kundi la nifedipini na amlodipini zinaweza kufurisha fizi pia, na ile siklosporini ya waliobadilishiwa figo. Kwa hivyo kama mama analalamika fizi zimekua tangu aanze dawa ya presha, usimcheke. Mwambie amwonyeshe daktari, na presha asiiache.

Rudi kwa utafiti, kwa sababu kuna ule ulionifanya niamue kuandika hii. Kule New Delhi, India, madaktari walichukua watoto 120 wenye kifafa, wa miaka 6 hadi 15, wanaoanza fenitoini. Wengine wakapewa asidi ya foliki kidogo kila siku, nusu miligramu, wengine tembe tupu isiyo na kitu, na hakuna aliyejua anameza ipi. Baada ya miezi sita, kwa waliopewa tembe tupu, asilimia 88 walikuwa na fizi zilizokua. Kwa waliopewa foliki, asilimia 21. Hiyo ilichapishwa mwaka wa 2011. Soma tena hizo namba. Tembe ya foliki ni miongoni mwa vitu vya bei rahisi kabisa ndani ya duka la dawa.

Lakini ngoja, usitoke mbio kwenda kwa kemisti. Utafiti huo ni wa kuzuia, kwa watoto wanaoanza dawa. Si wa kurudisha fizi ambazo zimeshakua kwa miaka mitano. Halafu foliki na fenitoini zinagombana. Foliki nyingi inaweza kushusha kiwango cha fenitoini kwenye damu, na kiwango kikishuka unaweza kuanguka. Kemisti wetu wengine huku, ukisema foliki atakupatia ile ya miligramu 5 bila kuuliza swali, na hiyo ni mara kumi ya ile ya utafiti. Hii ni ya kuongea na daktari wako, ukimtajia kwamba umesikia habari ya watoto wa New Delhi.

Kuna mgeuko mmoja wa hii stori naupenda. Mwaka wa 1958 mtafiti kwa jina Shapiro alijiuliza: kama hii dawa inakuza nyama ya fizi, si inaweza kufunga kidonda? Akaijaribu kwa watu wasio na kifafa waliokuwa na vidonda vya fizi, na vikapona haraka zaidi. Tangu hapo fenitoini imekuwa ikijaribiwa kama dawa ya kupaka kwenye vidonda sugu. Kile kinachomharibia mmoja tabasamu kinamfungia mwingine kidonda cha mguu.

Sasa tuseme ndio wewe, ama ni mdogo wako. Fizi zimeshaanza. Kazi ya kwanza ni kusafisha, na si ule mswaki wa sekunde kumi ukikimbilia matatu. Mara mbili kwa siku, polepole, pembeni kabisa mahali jino linakutana na fizi, na uzi wa meno katikati kama unaupata. Damu ikitoka usiache. Fizi iliyowashwa hutoa damu, na ukiacha inatoa zaidi. Daktari wa meno atakukwangua ule utando uliogeuka mawe, ambao mswaki hauutoi hata usugue vipi. Wengi hupata nafuu kubwa kwa hilo tu. Pili ni mazungumzo na anayekupa dawa ya kifafa kama unaweza kuhamishwa, na kama hujashikwa kwa miaka mitatu anaweza kukuambia hapana, asitake kugusa kitu kinachofanya kazi. Ana haki yake. Ya mwisho ni upasuaji mdogo wa kukata nyama iliyozidi. Unafanywa ukiwa macho, na ganzi, na unarudisha sura ya meno siku hiyo. Tatizo ni kwamba ukibaki kwa dawa ile ile na utando ule ule, nyama inaweza kukua tena.

Na waya za kunyoosha meno? Najua ndizo unazitaka, kila mtu mtaani anazitaka sasa, na bei yake inaweza kulipa kodi ya bedsita Kayole mwaka mzima na chenji isibaki. Mwenye kifafa anaweza kuwekewa. Lakini mpangilio una mwanzo: fizi kwanza, waya baadaye. Waya zinashika uchafu, na uchafu pamoja na fenitoini umeshaona zinafanya nini. Daktari anayekubali kukufunga waya juu ya fizi zilizofura bila kukuuliza unatumia dawa gani, toka kwake. Mwambie pia unashikwa mara ngapi, kwa sababu vile vifaa vya kuvaa na kutoa vinaweza kuvunjika ama kuingia kwa koo wakati wa mshtuko, na huenda akapendelea vya kufungwa kabisa. Zile za urembo zinazouzwa na mtu asiye daktari, za kubandika na gundi, hata usiniulize.

Ukienda kliniki tena, usiondoke dirishani ukiwa na pakiti pekee. Uliza jina la dawa na uliandike kwenye simu. Uliza kama ni ya kufurisha fizi. Ukijibiwa vibaya, uliza tena mwezi ujao, kutakuwa na mtu mwingine. Piga picha ya meno yako ya mbele siku unaanza dawa na kila baada ya miezi mitatu, mwanga ule ule, dirisha lile lile, kwa sababu kitu kinachokua polepole macho yako hayatakiona na daktari atataka ushahidi. Chama cha KAWE, ambacho kimekuwa kikisaidia wenye kifafa nchini tangu 1982, kina watu wa kuongea nao kama hospitali imekuchosha. Kwa fizi na meno, shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina hospitali yake kwenye barabara ya Argwings Kodhek, ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na wakufunzi wao. Ni matatu mbili kutoka Eastlands, na unaweza kukaa kwenye foleni hadi mchana. Beba kadi ya kliniki ya kifafa, na meza dawa yako ya asubuhi kabla hujatoka nyumbani.